Mashindano ya lahajedwali kwenye televisheni: mtazamaji aelekeze macho wapi?

MezaYaHesabu

Salaam wanajukwaa,

Nimetazama marudio ya fainali ya ubingwa wa dunia wa Microsoft Excel ya Desemba 2024, ile iliyofanyika Las Vegas ambapo Michael Jarman alitwaa mkanda, na tangu nilipozima skrini kuna swali ambalo limekataa kunitoka. Mimi hushinda kwenye lahajedwali kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo siwezi kusema kwamba niliyoyaona yalikuwa mageni kwangu. Seli nilizifahamu, fomula nilizifahamu, na mara mbili tatu niliweza hata kusoma kilichokuwa kikiandikwa kabla picha haijahamia kwa mshindani mwingine. Hata hivyo, nilipotafakari baadaye niligundua kwamba moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa sababu ya ubao wa alama na saa tu. Kila baada ya dakika 5 mwenye alama chache kuliko wote alikuwa akitolewa, na utaratibu huo ungeweza kumsisimua mtu hata kama washindani wangekuwa wanapanga kokoto. Kwa nini aliyeongoza alikuwa akiongoza, sikujua. Kwa nini mmoja aliyekuwa mkiani alipanda ghafla nafasi kadhaa, sikujua pia, na watangazaji walionekana kushangaa pamoja nami.

Ninaupenda mchezo huu, na ningependa uishi. Ndiyo maana nauliza kwa dhati: je, unaweza kusimama wenyewe kama mchezo wa kutazamwa kwenye televisheni, wenye watazamaji wanaorudi kila msimu kwa sababu wanaelewa wanachokiona, au utabaki kuwa tukio ambalo watu hulitazama mara moja kwa mshangao kisha wakalisahau? Na kwa wale walio ndani ya mashindano yenyewe: nikikaa tena kutazama, macho yangu yawe wapi?

SafuNaSeli

Ndugu MezaYaHesabu, ahsante kwa swali lililoulizwa kwa moyo. Nimeshiriki raundi za mtandaoni kwa misimu michache. Sijawahi kukaribia jukwaa la fainali, lakini nimekaa mbele ya maswali ya aina hiyo saa ikihesabu, na nadhani ninaweza kukuonyesha ulichokosa kukiona.

Nianze na jambo ambalo huwapotosha wengi, nalo ni kudhani kwamba washindani hufanya hesabu za ofisi kwa kasi. Kweli, asili ya mashindano haya ni uundaji wa mifumo ya kifedha. Kabla yake kulikuwa na mashindano ya ModelOff, yaliyoanza mwaka 2012 na kukoma mwaka 2019, na Financial Modeling World Cup ya Andrew Grigolunovich wa Latvia ikaanza mwaka 2020 kuziba pengo hilo. Lakini ilipofika mwaka 2021, waandaaji walipotaka watu wa kawaida nao watazame, walitenga mashindano ambayo hayamtaki mtu awe amesomea fedha. Swali likawa hadithi: mchezo wa kompyuta, safari, msafara wa viumbe wa kubuni. Fainali uliyoitazama ilijengwa juu ya mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft. Watu wengine huona hadithi hizo kuwa za kitoto. Mimi naziona kuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa, kwa sababu swali la uchakavu wa mitambo humfungia mtazamaji mlango tangu sentensi ya kwanza, ilhali swali la mtu anayetembea kwenye ubao wa miraba humwachia ulio wazi.

Sasa nikupe mfano niliotunga mwenyewe, ila umbo lake ni la kawaida kabisa. Ndani ya seli A1 kuna mfuatano mrefu wa herufi, tuseme JJLCSJLL, ambapo J ni hatua ya juu, C ya chini, L ya kulia na S ya kushoto, na chini yake kuna mamia ya mifuatano mingine kama huo. Ngazi ya kwanza inauliza: ni hatua ngapi za kwenda juu? Mshindani mzoefu hahesabu herufi mojamoja. Hupima urefu wa maandishi yote, hufuta kila J, hupima urefu tena, kisha hutoa: =LEN(A1)-LEN(SUBSTITUTE(A1,"J","")). Ni ujanja wa zamani sana na huchukua sekunde chache kuuandika. Ngazi ya pili inauliza mtembezi aliishia mraba upi, na hapo ujanja uleule unatosha, maana unahitaji tu kutoa za chini kutoka za juu na za kushoto kutoka za kulia. Ngazi ya tatu ndipo ardhi inapopasuka: sasa kwenye ubao kuna mashimo, na swali ni hatua ya ngapi mtembezi alitumbukia. Kujua jumla ya herufi hakukusaidii tena. Unahitaji kujua alikuwa wapi baada ya kila hatua, kwa hiyo lazima uchambue maandishi herufi kwa herufi kwa MID na SEQUENCE, kisha ujenge hesabu inayobeba nafasi ya awali kwenda hatua inayofuata, kazi ambayo siku hizi wengi huifanya kwa SCAN na LAMBDA.

Hapo ndipo penye mchezo wenyewe, na hapo ndipo macho yako yanapaswa kuwa. Mshindani wa kwanza amesoma ngazi ya kwanza tu, ametumia ujanja wa mkato, amepata alama dakika ya 2, na yuko kileleni. Mshindani wa pili amesoma swali lote mpaka mwisho kabla ya kugusa kibodi, ameona mashimo yanakuja, ameamua kujenga mtambo, yaani fomula zitakazojibu ngazi zote kwa mpigo, na kwa sasa ana sifuri. Kama mtambo utakamilika kabla ya dakika ya 5, atajaza majibu ya ngazi tatu kwa pamoja na wewe utaona mtu akiruka kutoka mkiani hadi kileleni bila maelezo. Usipokamilika, atatolewa akiwa ndiye aliyelielewa swali kuliko wenzake wote. Mtu yule uliyemwona akipanda ghafla hakuwa amepata bahati. Huenda alikuwa ameamua hatima yake tangu dakika ya kwanza, ila hakuna aliyekuonyesha uamuzi huo.

Alama nyingine ndogo za kuangalia: tazama kama fomula inanakiliwa kutoka safumlalo hadi safumlalo au kama imeandikwa mara moja ikamwagika yenyewe hadi chini, tazama anayefungua safuwima za ziada pembeni kwa hatua za kati, kwa maana huyo anajipa nafasi ya kurekebisha, na anayebana kila kitu ndani ya seli moja, kwa maana huyo anakwenda haraka lakini akikosea atapata taabu kuona wapi. Na mkono ukihama kutoka kibodi kwenda kwenye kipanya mara nyingi, ujue mtu anatafuta kitu asichokuwa na uhakika nacho.

Mkaguzi77

Nimesoma maelezo ya ndugu SafuNaSeli kwa makini na nimejifunza, lakini naomba niweke mezani wasiwasi ambao nimekuwa nao kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni kukagua majedwali yaliyotengenezwa na wengine, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukutana na hasara iliyosababishwa na mtu aliyekwenda polepole. Zote zilisababishwa na haraka. Mfano unaojulikana duniani ni ule wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, ambao mwaka 2010 walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, makala iliyotajwa sana na wanasiasa waliokuwa wakitetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alilipitia jedwali lao na kukuta kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeishia safumlalo tano kabla ya mwisho wa data, hivyo nchi tano zikaachwa nje ya hesabu. Hiyo haikuwa dosari pekee aliyoiona pamoja na walimu wake, lakini ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuburuta kipanya akaachia mapema.

Sasa tunawaonyesha vijana kwenye televisheni kwamba shujaa wa lahajedwali ni yule anayeandika fomula ndefu kuliko zote kwa muda mfupi kuliko wote, bila maelezo, bila majina ya safuwima, bila mtu wa pili kuhakiki. Faili inayotoka jukwaani, hata ya bingwa, ni faili ambayo mimi ningeirudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Mchezo ukikua, tabia hizo nazo zitakua. Sisemi usitazamwe. Nasema kwamba kabla ya kuuliza namna ya kuupendezesha, tuulize unapendezesha nini.

NyumaYaKamera

Wasiwasi wa Mkaguzi77 ni wa haki na nitamwachia mshindani aujibu. Mimi nitajibu nusu ya kwanza ya swali la MezaYaHesabu, kwa kuwa nimefanya kazi ya kuhariri matangazo ya michezo ya mubashara na suala la nini mtazamaji anakijua, na anakijua lini, ndilo suala la kila siku katika kazi hiyo.

Fikirieni mchezo wa karata wa poka. Kwa miongo mingi ulikuwa ukionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani kwa nadra na bila mvuto, na sababu haikuwa kwamba wachezaji walikuwa hafifu. Mtazamaji aliona watu wamekaa kimya kuzunguka meza, wakisukuma vibao vya kamari, na karata zilizokuwa chanzo cha kila uamuzi zilikuwa zimefunikwa. Kisha Henry Orenstein, mtengenezaji wa midoli aliyenusurika kambi za Wanazi, akabuni meza yenye kamera za kuonyesha karata zilizofichwa na kupata hataza yake mwaka 1995. Uingereza, kituo cha Channel 4 kikaanza mwaka 1999 kuonyesha kipindi ambacho kamera zilitazama karata kupitia kioo kilichowekwa mezani, na mwaka 2003 World Poker Tour ikapeleka mtindo huo kwa umma mpana wa Marekani. Mchezo haukubadilika hata kanuni moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliyekaa kwenye kochi lake alijua zaidi ya mtu aliyekaa mezani, na akaweza kumwogopea, kumhurumia, au kustaajabia ujasiri wake.

Mashindano ya tahajia ya Scripps yalikwenda njia hiyohiyo. ESPN ilianza kuyaonyesha mwaka 1994, na watoto wanaotamka herufi mbele ya kipaza sauti si tamasha kwa mtazamo wa kwanza. Lakini neno linapoandikwa chini ya skrini yako wakati mtoto hajui linavyoandikwa, kila herufi anayoitamka inakuwa hatua juu ya kamba, na wewe unaona kamba inaishia wapi.

Sasa tazameni lahajedwali. Hapa mambo yamepinduka. Mshindani anayo karatasi ya swali na mtazamaji hana, au anaipata ikisomwa kwa haraka huku saa imeshaanza kwenda. Mshindani anajua mtambo wake umefika wapi. Mtazamaji anaona alama tu, na alama ni habari iliyochelewa, kwa sababu haisogei mpaka jibu limeingizwa. Kwenye sataranji matangazo ya siku hizi huweka pembeni mstari unaopanda na kushuka kulingana na tathmini ya kompyuta, ili hata asiyejua kucheza aone kwamba hatua iliyochezwa sasa hivi imeharibu mambo. Kwenye lahajedwali hakuna chombo cha aina hiyo, na sidhani kama kinaweza kutengenezwa kirahisi, maana njia za kufikia jibu moja ni nyingi mno na kazi isiyokamilika haiwezi kupimwa kwa namba.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mchezo unaweza kusimama, kwa sharti moja ambalo halihusu taa wala muziki wala namna washindani wanavyoingia ukumbini. Mtazamaji apewe swali kabla ya mshindani. Dakika 3 zinatosha. Mpeni ngazi ya kwanza, mwonyesheni ujanja wa LEN na SUBSTITUTE ambao SafuNaSeli ameueleza vizuri namna ile, mwambieni kwamba ngazi ya tatu ina mashimo na kwamba ujanja huo utafia hapo. Baada ya hapo fungueni mlango washindani waingie. Sasa mtu anapochukua njia ya mkato, mtazamaji anaguna kwa sababu ameliona shimo na mchezaji hajaliona. Hiyo ndiyo kamera ya chini ya meza, na haigharimu chochote zaidi ya kupanga upya ratiba ya kipindi.

Jambo la pili nitalitaja kwa ufupi. Picha za skrini nane au kumi na mbili kwa pamoja hazisomeki. Chagueni seli moja, ya mshindani mmoja, mkae nayo mpaka ijibu. Mwaka 2022, ESPN ilipoonyesha pambano la nyota kwenye kile kipindi chake cha michezo isiyo ya kawaida, Andrew Ngai akashinda, mtangazaji Oz du Soleil alifanya kazi kubwa ya kutia uhai, na nilimpenda kwa sababu alikuwa anaipenda kweli kazi anayoitangaza. Lakini hata mtangazaji bora kuliko wote hawezi kueleza picha inayobadilika kila baada ya sekunde 4.

SafuNaSeli

Nimjibu Mkaguzi77, kwa heshima, maana amesema jambo ambalo sisi washindani hatulisemi vya kutosha.

Ni kweli kwamba faili ya mashindano ni chafu, na mimi mwenyewe singemkabidhi mtu yeyote faili yangu ya raundi ya mtoano kama kazi ya kulipwa. Lakini si kweli kwamba mchezo unapuuza usahihi. Jibu linalokaribia halina alama. Ama ni lenyewe, ama ni sifuri. Kila ngazi huja na mfano wenye jibu lake, na jambo la kwanza ambalo mshindani makini hufanya baada ya kuandika fomula ni kuijaribu kwenye mfano huo kabla ya kuinakili kwenda kwenye mamia ya safumlalo. Nimewahi kupoteza raundi nzima kwa sababu nilisahau kubonyeza F4 kufunga rejeleo la jedwali la bei lisisogee fomula inaponakiliwa, fomula ikateremka nalo likateremka pamoja nayo, na kuanzia safumlalo ya pili kila jibu lilikuwa limekosea ilhali la kwanza lilikuwa sahihi. Mfano ulinipa jibu sahihi kwa sababu mfano ulikuwa safumlalo ya kwanza. Nililigundua zikiwa zimebaki dakika 2. Tangu siku hiyo, hata kazini, sijanakili fomula bila kwenda kuikagua safumlalo ya mwisho, na kosa la Reinhart na Rogoff ni kosa ambalo lingeonekana kwa kuitazama safumlalo ya mwisho.

Hivyo nakubaliana nawe kwamba televisheni inaonyesha kasi na kuficha ukaguzi, lakini ukaguzi upo, na ungekuwa ndio sehemu ya kusisimua zaidi kama ungeonyeshwa. Hebu fikiria lile pendekezo la NyumaYaKamera likitumika hapa: mtazamaji ameshaambiwa jibu sahihi la swali la 4, anaona mshindani ameingiza namba tofauti, anaona alama haijapanda, na anaona mshindani amesita. Je, atarudi kukagua au ataendelea na ngazi inayofuata akitumaini kulipia huko? Sekunde 20 za namna hiyo zina uzito kuliko kelele zote za ukumbi.

Mkaguzi77

Nimekubali sehemu ya hoja, hasa hiyo ya mfano wa safumlalo ya kwanza, kwa sababu nimeiona kazini zaidi ya mara moja. Bado ningependa siku moja waandaaji waweke raundi ya kutafuta makosa: jedwali lililokamilika, lenye makosa yaliyopandwa kwa makusudi, na mshindi awe anayeyapata. Mtazamaji angekuwa ameonyeshwa makosa tangu mwanzo. Raundi hiyo ningeitazama bila kupepesa macho, na ingekuwa ya kwanza kuonyesha hadharani kazi ninayoifanya.

MwalimuWaKompyuta

Naomba niongeze la darasani, kwa kuwa linahusiana moja kwa moja.

Ninafundisha wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya Microsoft Office Specialist, yale ya vijana wa miaka 13 hadi 22 ambayo yamekuwepo tangu mwaka 2002, ingawa hayo hayatazamwi na watu wengi kwa sababu ni mtihani zaidi kuliko pambano. Mwaka jana nilionyesha makundi mawili kipande kilekile cha pambano moja la lahajedwali, dakika 10 hivi. Kundi la kwanza nililiwashia video moja kwa moja. Kundi la pili nililipa karatasi ya swali nililolirahisisha, nikaliacha lihangaike nalo kwa robo saa, na wengi hawakufika popote. Kisha ndipo nikawasha video. Kundi la kwanza lilitazama kwa adabu. Kundi la pili lilisimama vitini. Kijana mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani alipaza sauti alipoona mshindani ametumia TEXTSPLIT, fomula inayokata maneno yenyewe, mahali ambapo yeye alikuwa ametumia safuwima sita za kukata maneno kwa mkono, na baada ya kipindi alibaki kuniomba nimwonyeshe ilivyofanya kazi.

Sina uhakika kama mtazamaji wa televisheni anaweza kuombwa ahangaike robo saa. Lakini dakika 3 za NyumaYaKamera naziamini kabisa, na ningeongeza kwamba swali hilo la awali liwe dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulishika kichwani bila karatasi. Ubao wa miraba na herufi nne unashikika. Viumbe ishirini wenye sifa saba kila mmoja hawashikiki, hata hadithi yao iwe tamu namna gani, na nadhani hapo fainali ya 2024 ilijitwisha mzigo mzito kuliko ulivyohitajika.

NyumaYaKamera

Mwalimu, hilo la swali kushikika kichwani ningelichukua na kulibandika kwenye mlango wa chumba cha wahariri. Nilikuwa nimefikiria muda tu, sikufikiria ukubwa. Kwa waandaaji lakini kuna ugumu wa kweli ambao ni haki kuutaja: swali dogo linaloeleweka na mtazamaji kwa dakika 3 litamalizwa na washindani hodari kama Ngai au Jarman au Diarmuid Early kwa dakika 6, na mtoano wa kila dakika 5 unahitaji swali linalodumu. Njia ninayoiona ni swali lenye mzizi mmoja mdogo ambao kila ngazi inauongezea kitu kimoja tu, mashimo kwanza, kisha ukuta, kisha mtembezi wa pili anayetembea kwa wakati mmoja na wa kwanza. Mtazamaji akiushika mzizi, anaweza kuongezewa kimoja kimoja wakati pambano linaendelea.

MezaYaHesabu

Nawashukuru wote. Jana usiku nilifuata maelekezo yenu kwa kadiri nilivyoweza. Nilichukua pambano jingine la zamani, nikasimamisha video mara tu swali liliposomwa, nikaliandika upya kwenye jedwali langu, na nikajipa dakika 20. Nilijibu ngazi mbili. Ya tatu niliianza kwa njia ambayo sasa najua ingeniangusha, kwa kuwa nilikuwa nimejumlisha kila kitu mapema na sikuwa na hatua za kati.

Kisha nikaiachia video iendelee. Aliyekuwa wa nne alikaa karibu dakika 3 bila alama kupanda, na kwa mara ya kwanza nilitazama seli yake badala ya jina lake. Alikuwa amefungua safuwima pembeni na ndani yake zilikuwa zinajazwa nafasi za kila hatua, moja chini ya nyingine. Watangazaji walikuwa wakimzungumzia aliyeongoza. Mimi nilimwita mke wangu kutoka chumba cha pili nikamwambia, mtazame huyu wa nne, na tukasimama wote wawili mpaka zile alama zilipoingia.

SafuNaSeli, nina swali moja la nyongeza ukipata nafasi: yule alitumia safuwima za kawaida, hakutumia SCAN. Je, kuna wakati ambapo njia hiyo ya zamani ni bora hata kwa anayeijua ile mpya?

SafuNaSeli

Ndiyo, na ni mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. SCAN hukupa matokeo yote kwa fomula moja, lakini ngazi inayofuata ikiongeza sharti katikati ya safari, tuseme mtembezi akigonga ukuta anabaki alipo, unalazimika kurudi ndani ya ile LAMBDA na kuifungua upya ikiwa ndefu na saa ikikimbia. Mwenye safuwima hubadilisha seli moja ya kwanza, anaiburuta, na anaona kwa macho ni hatua gani imevunjika. Mimi hutumia SCAN pale ninaposoma swali hadi mwisho na kuona kwamba kanuni ya mwendo haitabadilika. Ikibadilika, hufungua safuwima. Nitakuandalia ule mfano wa herufi nne kwa njia zote mbili na kuuweka hapa kesho, pamoja na ukuta, ili uone wapi zinaachana.